Kumwona Gorila wa Milimani Bwindi: Mwongozo kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Hakuna bustani ya wanyama hata moja duniani inayofuga gorila wa milimani. Hesabu iliyotangazwa Desemba 2019 ilikuta wako 1,063 tu, na wote wanaishi sehemu mbili: msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, na milima ya volkano ya Virunga, ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinapakana. Tanzania tunao sokwe, Gombe na Mahale, lakini gorila hatuna. Kenya haina pia. Anayetaka kumwona porini, lazima avuke mpaka.

Wengi wetu hatuvuki kwa sababu bei tuliyoisikia ni ya wageni wa mbali. Dola 800 zinazotajwa kila mahali ni za mgeni asiye mkazi anayetoka nje ya Afrika. Katika orodha ya ada za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) iliyoanza Julai 2024, raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani zaidi kidogo ya dola 80. Msitu ni uleule, gorila ni walewale, na saa ya kuwatazama ni ileile. Wazazi wanaochangishana kwa ajili ya harusi ya siku moja wanaweza kuiweka akiba ya safari hii, na naamini wengi zaidi wangeiweka kama wangeijua bei yao halisi.

Mambo mawili yakiharibika, safari imeharibika: nyaraka zako na afya yako. Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa hapa.

Unakwenda kutembea

Aliyezoea Mikumi au Maasai Mara anajua utaratibu: gari, paa linafunguliwa, dereva anaongea na wenzake kwa redio, simba anapatikana. Bwindi hakuna hayo. Ni msitu mnene wa milimani, kutoka mita 1,160 hadi 2,607 juu ya usawa wa bahari, na kuna miteremko utakayoshuka kwa makalio.

Alfajiri, kabla hujanywa chai, wafuatiliaji wa UWA wameshaingia msituni. Wanaanzia pale gorila walipoachwa jana na kutafuta viota vya usiku, maana gorila hutandika kiota kipya cha majani na matawi kila jioni. Kutoka hapo wanafuata dalili: majani yaliyolala, mabua yaliyomenywa, kinyesi ambacho bado kina unyevu. Wewe na kikundi chako mnafuata nyuma, mwongozaji wenu akiwasiliana nao kwa redio. Huenda mkawakuta baada ya nusu saa, na huenda ikawachukua saa tano za kupanda na kushuka. Mkishawafikia, mna saa moja tu, kisha mnaondoka.

Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, na umri hukaguliwa kwenye pasipoti, kwa hiyo usimpe mtoto ahadi ambayo mlinzi wa geti ataivunja.

Anza kuuandaa mwili angalau mwezi mmoja kabla. Kama uko Dar es Salaam, ambako vilima ni vichache, panda na kushuka ngazi za ghorofa ukiwa na begi mgongoni, mara tatu kwa wiki. Kushuka ndiko kunakotesa magoti, basi usifanye zoezi la kupanda tu. Mzee au mtu mwenye ulemavu hajafungiwa mlango: wapo wapagazi wanaombeba mtu kwa machela hadi waliko gorila, kwa malipo, ila huduma hiyo inaagizwa mapema.

Mwezi na sekta

Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo mikavu zaidi, ingawa Bwindi ni msitu wa mvua na inaweza kunyesha siku yoyote. Miezi mikavu ndiyo pia vibali huisha haraka. Kama ratiba yako haina nafasi ya kuchagua, nenda hata wakati wa mvua. Utachafuka zaidi, lakini foleni ya vibali ni fupi.

Sekta ndiyo inayowaponza watu. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia matembezi: Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, na Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali chako kimeandikwa sekta moja, na kuripoti ni asubuhi, kabla ya saa mbili. Kwenye ramani Buhoma na Rushaga zinaonekana kama vijiji jirani. Barabarani ni saa kadhaa za vumbi au tope, kona juu ya kona. Kuna watu wamelala Buhoma huku kibali kikisema Rushaga, wakafika wenzao wameshaondoka, na fedha ikapotea. Kata kibali kwanza, kisha ndipo utafute pa kulala, katika sekta hiyohiyo.

Ukiniuliza nikuchagulie, nitakuambia Rushaga. Ina familia nyingi za gorila zilizozoeshwa watu kuliko sekta nyingine, kwa hiyo nafasi ni rahisi kupatikana, na inafikika vizuri kwa anayetokea Kigali au Kisoro.

Kibali, hatua kwa hatua

1. Panga tarehe mbili au tatu zinazokufaa, angalau miezi mitatu kabla.
2. Wasiliana na ofisi ya UWA ya vibali, Kampala, au na kampuni ya utalii ya Uganda yenye leseni. Taja uraia wako katika sentensi ya kwanza kabisa.
3. Omba bei kwa maandishi, kibali kikiwa peke yake, usafiri peke yake na malazi peke yake. Wakala anayekupa jumla moja ya dola bila mchanganuo anaweza kuwa amekuhesabia kibali cha mgeni wa mbali.
4. Tuma nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Jina kwenye kibali lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.
5. Soma masharti ya kuahirisha na kurudishiwa fedha kabla ya kulipa, hasa yanayohusu ugonjwa. Utaona sababu yake mbele.
6. Ukishalipa, dai nakala ya kibali chenyewe, chenye namba, sekta na tarehe. Risiti ya wakala siyo kibali.

---
KISANDUKU: NANI ANALIPA NINI (Uganda, ada za kuanzia Julai 2024)

- Raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: shilingi 300,000 za Uganda
- Mgeni anayeishi kwa kibali cha ukaazi: dola 700
- Mgeni asiye mkazi kutoka nje ya Afrika: dola 800

Kinachohesabiwa kwenye bei ya kwanza ni uraia. Mume Mtanzania mwenye mke Mjerumani atalipa bei yake na mke atalipa ya kwake. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza akaacha wa kwao atahesabiwa Mwingereza. Ada hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo thibitisha kabla ya kutuma fedha.

Rwanda inatoza wageni dola 1,500. Nayo ina bei nafuu kwa raia wa Jumuiya, lakini bado iko juu ya ile ya Uganda.
---

Kadi mbili za njano

Raia wa Tanzania, Kenya, Rwanda au Burundi hahitaji viza kuingia Uganda. Wakenya na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, kwa makubaliano ya nchi zao na Uganda. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo. Mtanzania abebe pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Vyovyote iwavyo, hati halisi ndiyo itakayokaguliwa mpakani na tena getini, na picha kwenye simu haitakusaidia.

Kadi ya kwanza ya njano ni ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda huitaka kwa wanaoingia, na Tanzania huitaka kwa anayetokea nchi yenye maambukizi, Uganda ikiwamo. Maana yake Mtanzania anaweza kubahatika kuvuka kwenda bila kuulizwa, halafu akazuiwa akirudi nyumbani kwake. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani tafuta tu kadi yako. Usikubali kununua kadi bila kuchomwa sindano. Ugonjwa huu unaua, na kadi ya bandia haina kinga ndani yake. Aliyezidi miaka 60, mjamzito, anayenyonyesha au mwenye kinga dhaifu azungumze na daktari kabla.

Kadi ya pili inakuhusu kama unaendesha gari lako: bima ya COMESA ya kuvuka mipaka, ambayo nayo huitwa kadi ya njano. Inapatikana Tanzania na Kenya kupitia makampuni ya bima. Kata nyumbani, pamoja na kubeba kadi ya gari na, kama gari siyo lako, barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na wakili. Ukipitia Rwanda kumbuka kwamba kule wanaendesha upande wa kulia. Pale Rusumo, mara tu unapovuka daraja, unabadili upande; pumzika kwanza kama umekesha usukani.

Njia ya kwenda

Ukitokea Bukoba, vuka Mutukula, lakini huna haja ya kufika Kampala. Shuka Masaka, upande gari la kuelekea magharibi: Mbarara, Ntungamo, Kabale. Wa Karagwe na Kyerwa wana mpaka wao wa Murongo, unaotokea Kikagati na kisha Mbarara.

Ukitokea Nairobi kwa barabara, ni Busia au Malaba hadi Kampala, ulale, kisha takriban kilomita 400 hadi Kabale. Hiyo ni siku nzima. Usipange kuwasili usiku na kuamkia msituni.

Kwa anayepanda ndege kutoka Dar au Nairobi, Kigali mara nyingi ni bora kuliko Entebbe. Kutoka Kigali hadi upande wa kusini wa Bwindi, kupitia Cyanika au Gatuna, ni safari ya asubuhi moja. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mizigo hukaguliwa. Toa rambo zote kwenye begi kabla hujasafiri. Uliza pia hali ya mipaka wiki ya mwisho: Gatuna ilifungwa tangu 2019, ikafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, na Rwanda na Burundi zimekuwa bila mpaka wazi tangu Januari 2024.

Fedha zibadilishe Mbarara, Kabale au Kisoro, kwa shilingi za Uganda na noti ndogondogo. Ukikaribia msitu, mashine za benki ni haba.

Afya yako ndiyo hatari kubwa kwa gorila

Gorila na binadamu wana ukaribu wa vinasaba unaokaribia asilimia 98. Ugonjwa unaokupata wewe unampata na yeye, ila yeye hana chanjo wala kinga ya utotoni. Mwaka 1996 familia moja ya gorila Bwindi ilishikwa na upele, ugonjwa uliohusishwa na watu wanaoishi pembezoni mwa msitu. Manyoya yalinyonyoka, ngozi ikababuka, na mtoto mchanga akafa. Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa kwanza wa mifugo kuajiriwa kwa ajili ya wanyamapori wa Uganda, aliwatibu waliobaki, na mwaka 2003 akaanzisha shirika la kuunganisha afya ya watu na ya gorila.

Mafua ni mabaya zaidi ya upele, kwa kuwa yanasafiri hewani. Kikohozi ambacho wewe unakimaliza kwa tangawizi na asali kinaweza kuwa nimonia ya familia nzima ya wanyama ambao katika hesabu ya 2019 hawakufika 1,100 duniani. Ndiyo maana utavaa barakoa, utakaa mita 10 (kabla ya UVIKO-19 zilikuwa 7), na ndiyo maana saa ni moja tu.

Fanya hivi:

1. Wiki mbili kabla, epuka watu wenye mafua kadiri unavyoweza. Anayesafiri kwa basi la usiku lililojaa avae barakoa humo ndani, siyo msituni tu.
2. Ukiamka na homa, kikohozi, mafua au kuharisha, mwambie mwongozaji kabla ya kuondoka. Usimeze dawa ya kukausha pua ili usionekane. Najua inauma kuacha safari uliyoichangia mwaka mzima. Hata hivyo hakuna picha inayostahili uhai wa mtoto wa gorila.
3. Kamuone daktari kuhusu kinga ya malaria, hata kama umekulia nayo. Kinga ya mwili hupungua ukikaa muda mrefu mahali pasipo na malaria nyingi, kama Nairobi au Arusha mjini. Baadhi ya dawa huendelea kumezwa wiki nne baada ya kurudi.
4. Fuatilia matangazo ya wizara za afya. Uganda ilipata mlipuko wa Ebola mwaka 2022 na tena Januari 2025. Rwanda ilipata Marburg mwaka 2024. Milipuko hiyo ilidhibitiwa, lakini wakati wa mlipuko, ahirisha.

Begi

Begi la siku liwe dogo, na liwe na:

☐ Pasipoti au kitambulisho halisi, na kibali
☐ Kadi ya homa ya manjano
☐ Barakoa tatu, kwa sababu ya jasho na mvua
☐ Maji lita mbili na chakula cha mchana (hutakula karibu na gorila)
☐ Koti la mvua, hata Julai
☐ Mfuko usiopitisha maji kwa simu na kamera
☐ Dawa zako za kila siku

Mwilini: suruali ndefu nzito, shati la mikono mirefu, soksi ndefu za kufunikia miguu ya suruali ili siafu wasipande, na buti zenye meno zilizokwisha kuvaliwa. Buti mpya zitakutoa malengelenge kabla ya kilima cha pili. Beba pia glavu za bustani, zile za bei rahisi za dukani. Utakapoteleza, mkono utashika chochote kilicho karibu, na Bwindi kilicho karibu mara nyingi ni jani linalowasha au mti wenye miiba. Jioni ni baridi. Mtu wa pwani abebe sweta ya kweli.

Siku yenyewe

Getini mtapewa maelekezo na kugawanywa. Taja wazi kama una shida ya goti, pumu au shinikizo la damu, ili uwekwe kwenye familia iliyo karibu. Wakazi wengi wa huko ni Wakiga; "Agandi" ni salamu yao, na waongozaji na askari wengi wanaelewa Kiswahili ukiomba.

Chukua mpagazi, hata kama begi ni jepesi. Atakushika mkono kwenye utelezi, na malipo yake yanabaki kijijini. Juni 2020, utalii ukiwa umesimama kwa ajili ya UVIKO-19, mwindaji aliyeingia msituni alimuua Rafiki, dume kiongozi wa familia ya Nkuringo. Mahakama ilimfunga miaka 11. Jirani wa msitu anayepata mlo kutokana na gorila aliye hai ana sababu ya kumlinda. Vilevile, ukitembelea Wabatwa, ambao waliondolewa msituni Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, uliza nani anapokea fedha, na ununue bidhaa mkononi mwa aliyezitengeneza.

Karibu na gorila, mizigo, fimbo na chakula hubaki nyuma na wapagazi. Utamsikia mwongozaji akitoa sauti nzito ya kooni, kama mtu anayesafisha koo polepole. Anawaambia gorila kwamba mmekuja kwa amani, na mara nyingi dume mkubwa, yule mwenye mgongo wa mvi, hujibu kwa sauti hiyohiyo bila kuacha kumenya bua lake. Baada ya hapo:

- Zima flashi na mlio wa simu.
- Simameni pamoja, msimzunguke mnyama.
- Mtoto wa gorila akikusogelea, rudi nyuma taratibu. Usimguse hata akikugusa.
- Dume akikurupuka na kupiga kifua, usikimbie. Chuchumaa, inamisha macho, ubaki na mwongozaji.
- Ukibanwa na kikohozi, geuka na ukohoe kwenye kiwiko, juu ya barakoa.
- Ukibanwa na haja kubwa, mwambie mwongozaji. Shimo litachimbwa na kufukiwa.

Dakika tano za kwanza usipige picha. Simu iache mfukoni, uangalie mikono yao: kucha, mikunjo ya vidole, jinsi mama anavyomchambua mwanawe. Picha utapata, saa moja inatosha.

Ukirudi

Osha buti na fimbo kwa maji na sabuni kabla ya kuingia hifadhi nyingine. Usibebe jani, fuvu, manyoya wala kinyago cha pembe au mfupa. Mpakani ni kosa la jinai. Maliza dozi ya dawa ya malaria. Ukipata homa ndani ya wiki tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kabla hujapimwa chochote mwambie daktari ulikuwa Uganda, ndani ya msitu, na umtajie tarehe.